Kabla ya sindano, hesabu mayai

Basi la Ifakara likishavuka mto Ruaha Mkuu pale Kidatu, husimama mji wa Ruaha kuchukua abiria, likakata mashamba ya miwa ya upande wa Kilosa, kisha likapanda hadi Mikumi mjini. Kutoka hapo, barabara kuu ya kwenda Morogoro huingia hifadhini kwa takriban kilomita 50, na dereva apende asipende hupunguza mwendo. Matuta yapo, na faini ya kugonga mnyama si ya mchezo. Ndipo abiria wanapoona bila kiingilio kile ambacho mtalii amekilipia dola: pundamilia, nyati kwa mbali, na twiga wamesimama kwenye migunga wakitafuna kana kwamba hakuna lori linalopita.

Twiga hao wana minyoo. Hilo halina shaka, na wala si kwamba askari wa uhifadhi wamezembea. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, ina kilomita za mraba 3,230, na hakuna anayezunguka humo akiwanywesha wanyama dawa. Hawaihitaji. Twiga hula majani ya juu, mita mbili na zaidi kutoka ardhini. Kinyesi chake huanguka hapa leo, kesho yeye yuko kwingine. Mabuu ya minyoo yanayoanguliwa kwenye kinyesi hicho hupanda kwenye nyasi zenye umande kwa sentimita chache tu, na jua la Septemba katika mbuga ya Mkata humaliza mengi kabla hayajapata tumbo la kuingia. Minyoo michache inayofanikiwa huishi humo kama mpangaji asiye na fujo.

Sasa mchukue twiga huyo huyo umfungie kwenye uwanja wa bustani ya wanyama. Majani ya juu huisha kwa wiki chache. Anaanza kuinamisha shingo, anatanua miguu ya mbele na kula nyasi za chini, mahali pale pale alipotupa kinyesi juzi. Katika bustani za Ulaya na Marekani, mnyoo mwekundu wa tumboni, Haemonchus contortus, ni miongoni mwa maadui wakubwa wa twiga, ingawa kwa maumbile twiga hakuwa mteja wake mkubwa. Huyu ndiye mnyoo yule yule anayewamaliza mbuzi na kondoo wa Kilosa wakati wa mvua. Jike lake hutaga mayai 5,000 hadi 10,000 kwa siku. Mnyoo mmoja hunyonya damu kiasi cha mililita 0.05 kwa siku. Minyoo 5,000 ni robo lita ya damu, kila siku. Penye joto na unyevu, yai hufikia hatua ya kuambukiza kwa muda wa kama wiki moja, na wiki tatu baada ya kumezwa, mnyoo mpya naye anataga.

Uzio, basi, ndio unaougeuza upangaji huo kuwa ugonjwa. Nalisema hili mapema kwa sababu nchini mwetu mashamba, ranchi na bustani za wanyamapori za watu binafsi zinaongezeka, na kila ninapouliza habari ya minyoo, jibu hunijia kwa jina la dawa. Hakuna anayenitajia idadi ya mayai.

Mnyama wa porini ana tabia inayomsumbua sana daktari: haonyeshi kuumwa. Swala anayechechemea hadharani ameshamwita fisi. Hata akiwa kizimbani, ambako fisi hayupo, silika hiyo haimtoki. Ndiyo maana kilio cha kwanza cha wafugaji wengi wa wanyamapori hufanana: jana alikula vizuri, leo tumemkuta amelala, jioni amekufa. Dalili zilikuwepo. Manyoya yalipoteza mng'ao, kinyesi kililegea, uvimbe laini ulijitokeza chini ya taya, akawa wa mwisho kufika kwenye hori. Aliyeweza kuziona ni mhudumu anayefagia kila asubuhi, si daktari anayekuja mara moja kwa mwezi. Bustani yenye mhudumu mwenye macho, na daftari la kuandika anachokiona, imeshapata nusu ya uchunguzi wake.

Mfugaji wa mbuzi hufunua kope la chini la mnyama wake. Likiwa jeupe, anajua damu imenyonywa. Nani atafunua kope la twiga, au la chui? Kumlaza kwa mshale wa usingizi ni hatari yenyewe. Twiga ana presha kubwa ya damu na shingo ndefu. Akilala vibaya au akitapika akiwa usingizini, anaweza asiamke. Dawa ya etofini inayotumika kuwalaza wanyama wakubwa ina nguvu kiasi kwamba tone likimwingia daktari mwenyewe, mwenzake lazima awe na dawa ya kuizimua mkononi. Kwa hiyo hekima ya kazi hii ni kupata majibu mengi iwezekanavyo bila kumgusa mnyama. Na kitu pekee anachokitoa kwa hiari, kila siku, ni kinyesi.

Kazi yenyewe ni nyepesi na rahisi kwa gharama. Kinyesi hukusanywa kibichi asubuhi, kabla nzi na mabuu ya udongoni havijakivamia, kikatiwa kwenye mfuko wenye jina la mnyama na tarehe, kikawekwa kwenye baridi bila kugandishwa. Maabara huchukua gramu 4, huzikoroga kwenye maji ya chumvi nzito hadi ujazo wa mililita 60 na kuchuja. Chumvi ikiwa nzito vya kutosha, mayai ya minyoo mingi huelea. Mchanganyiko hujazwa kwenye kioo chenye vyumba viwili vilivyochorwa mistari, mtaalamu anahesabu kwa hadubini, anazidisha kwa 50, na hilo ndilo jibu: mayai kwa kila gramu ya kinyesi. Kioo hicho kinaitwa McMaster, kwa jina la maabara ya Sydney, Australia, kilikobuniwa miaka ya 1930, na hadi leo hakijapata mbadala wa bei yake.

Mitego ipo. Mayai ya minyoo bapa ya ini ni mazito, hayaelei. Hayo hutafutwa kwenye mashapo yaliyozama chini, na asiyefanya hivyo atamwandikia pofu au nyati kuwa hana tatizo wakati ini limeshatobolewa. Mayai ya jamii nyingi za minyoo ya tumbo hufanana kama mapacha, hivyo ukitaka kujua ni yupi, unakiacha kinyesi kwenye joto kwa siku 7 hadi 14 mabuu yakue, ndipo unayatambua kwa mkia na urefu wake. Tena sampuli ya siku moja hudanganya, kwa kuwa utagaji hupanda na kushuka. Siku tatu mfululizo ni bora. Na idadi ya mayai si lazima ilingane na idadi ya minyoo: mnyoo mchanga hunyonya damu kabla hajaanza kutaga.

Vimelea vya damu ni habari nyingine, na historia ya Afrika Mashariki ina kisa chake mashuhuri. Mwezi Februari 1956 George Adamson, afisa wanyamapori wa Kenya, alimuua simba jike aliyemvamia na kubaki na watoto wake watatu. Wawili walipelekwa bustani ya wanyama ya Rotterdam, Uholanzi. Wa tatu, Elsa, alilelewa na Adamson na mkewe Joy nyumbani, kisha akafundishwa upya kuwinda na kurudishwa porini Meru, akazaa. Dunia ilimjua kwa vitabu na sinema. Wasichokumbuka wengi ni kwamba hakuuawa na jangili wala simba wenzake. Alikufa tarehe 24 Januari 1961, akiwa na umri wa kama miaka mitano, kwa babesia, kimelea cha chembe nyekundu za damu kinacholetwa na kupe. Watoto wake watatu waliletwa Serengeti mwaka huo huo.

Nakitaja kisa cha Elsa kwa sababu ya utata wake. Ukipima damu ya simba wa Serengeti, wengi mno watakuwa na babesia na wanaendelea kula pundamilia. Kuwa na kimelea si kuwa na ugonjwa. Daktari anayekiona kwenye kioo na kushangilia kuwa ameshapata mchawi anaweza kuwa amemkamata jirani asiye na hatia. Mwaka 1994 simba wa Serengeti wapatao theluthi moja walikufa, na mwaka 2001 vifo vingi vikatokea kwa simba wa Kreta ya Ngorongoro. Virusi vya homa ya mbwa vilikuwemo, lakini watafiti walipochunguza sampuli za miaka mingi waligundua kwamba virusi hivyo vilishawahi kupita kimya mara kadhaa bila kuua. Safari hizi mbili ukame ulikuwa umedhoofisha nyati, kupe wakazidi, simba wakala nyati wale, babesia ikajaa damuni kupita kiasi, na virusi vikakuta mlango wazi. Aliyetafuta kimoja tu asingeelewa kilichotokea.

Kreta hiyo hiyo, kipindi hicho hicho, ilipoteza faru weusi. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2003, uliohusisha faru wa Tanzania na Afrika Kusini, uliitambua babesia ya faru ambayo sayansi haikuwa imeipa jina, Babesia bicornis. Pamoja na dawa, hatua iliyosaidia Ngorongoro ilikuwa moto: nyasi ndefu zilichomwa kwa mpango, kupe wakakosa pa kukaa. Ni tiba ya mazingira, si ya sindano, na natamani wenye bustani waitafakari.

Faru wa Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi wanatufundisha upande wa pili. Hifadhi hiyo ina eneo la faru lililozungushiwa uzio, na baadhi ya wakazi wake wamezaliwa Ulaya: watatu walitoka bustani ya Dvůr Králové, Jamhuri ya Czech, mwaka 2009, wengine watatu Port Lympne, Uingereza, mwaka 2012, na jike mmoja, Eliška, akaja kutoka Czech mwaka 2016. Hawa ni Waafrika kwa ukoo na wageni kwa damu. Nyati na ngiri wa Mikumi huumwa na mbung'o tangu siku ya kwanza na miili yao imejifunza kuishi na vimelea vya nagana. Faru aliyezaliwa kwenye baridi hajawahi kumwona mbung'o. Kumshusha kutoka kwenye ndege na kumwachia vichakani ni kumuua. Ndiyo maana mnyama wa namna hii huzoeshwa taratibu, mitego ya vitambaa vya bluu na vyeusi vyenye dawa hutandazwa kupunguza mbung'o, damu yake hupimwa, na dawa hukaa tayari. Kitone cha damu huzungushwa kwenye mashine, vimelea hujikusanya kwenye utando mweupe juu ya chembe nyekundu, na mtaalamu huviona vikichezacheza vikiwa hai. Damu ikichelewa kufika maabara, vimekufa na kutoweka.

Wasomaji wa Morogoro hawana haja ya kwenda Mkomazi kuona mamalia wa porini waishio kizimbani. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, ni mwenyeji wa shirika la APOPO, lililoanzia Ubelgiji mwaka 1997 na kuhamia Morogoro mwaka 2000, linalofundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Magawa, aliyezaliwa Morogoro mwaka 2013, alipewa medali ya dhahabu mwaka 2020 kwa kazi yake nchini Kambodia, akafariki Januari 2022. Mnyama mmoja wa namna hii ana miezi mingi ya mafunzo kichwani. Kumpoteza kwa tegu ambaye kipimo cha kinyesi kingemwonyesha ni hasara ya kijinga.

Panya buku ana jambo lingine la kuvutia. Manyoyani mwake, akiwa porini, huishi mdudu asiye na mbawa wala macho, wa jamii ya Hemimerus, anayezaa badala ya kutaga na anayekula ngozi iliyokufa na ukungu. Ukimwona mara ya kwanza utakimbilia dawa ya kupulizia. Hana madhara yanayojulikana kwa mwenyeji wake, ni mfagiaji. Daktari wa wanyamapori hana budi kuwafahamu na hawa wasio adui, la sivyo atampa mnyama sumu kwa kosa lisilokuwepo.

Tukija kwenye tiba yenyewe, mgogoro wa kwanza ni uzito. Dawa hupimwa kwa kilo, na hakuna anayempandisha pofu kwenye mizani kwa kumbembeleza. Watu hukadiria, na makadirio ya woga huwa ya chini. Dozi pungufu inaua minyoo dhaifu na kuiacha yenye nguvu izaane. Mgogoro wa pili ni hori. Dawa ikichanganywa kwenye pumba za kundi, dume mbabe anakula dozi tatu, na yule mnyonge mwenye minyoo mingi kuliko wote anaambulia harufu. Asiye na vihori tofauti hatibu, anagawa pumba ghali.

Kisha kuna dawa zenyewe. Ivermectini, inayotokana na bakteria wa udongo wa Japani na iliyowapatia Satoshi Ōmura na William Campbell Tuzo ya Nobel mwaka 2015, ni mkombozi wa kweli. Lakini hubaki kwenye kinyesi na kuwadhuru wadudu wanaoviringisha mavi, ambao wangekizika kinyesi hicho pamoja na mabuu yake. Fenbendazoli, inayosifiwa kwa upole, iliwahi kuhusishwa na vifo vya nungunungu wa Marekani ya Kaskazini. Dawa ya nagana iliyozoeleka kwa ng'ombe, yenye diminazini, humdhuru ngamia na mbwa dozi ikizidi kidogo. Lebo ya chupa imeandikwa kwa ng'ombe, kondoo na mbuzi, chui hayumo. Anayemchoma chui kwa kusoma lebo ya mbuzi anabahatisha.

Na usugu hausubiri. Mwaka 1991 ulichapishwa utafiti ulioonyesha kwamba mnyoo mwekundu katika kondoo wa Tanzania tayari ulikuwa umezoea dawa za kundi la benzimidazoli, kundi la albendazoli inayouzwa kila duka la pembejeo. Miaka zaidi ya 30 imepita. Mbuzi wa jirani wakilishia kando ya uzio wa bustani, minyoo sugu haihitaji kibali cha kuingia. Njia ya kujua ni moja: hesabu mayai siku ya dawa, hesabu tena baada ya siku 10 hadi 14. Kama hayakupungua kwa angalau asilimia 95, dawa hiyo imeshindwa, hata kama mnyama anaonekana mchangamfu.

Kinachoua minyoo mingi kuliko chupa ni ufagio. Kinyesi kiondolewe kila siku, majani yafungwe juu ambako twiga alizoea kuyakuta, uwanja upumzishwe kwa zamu, wanyama wasijazwe kama abiria wa daladala, na mgeni yeyote akae karantini hadi kinyesi chake kipimwe mara mbili. Haya hayana kampuni ya kuyatangaza redioni.

Limebaki la nyani na tumbili, na hili linawahusu moja kwa moja watu wa Ruaha, Kidatu na Sanje, wanaolala chini ya milima ya Udzungwa. Misitu hiyo ndiyo makazi ya mbega mwekundu wa Udzungwa na mangabey wa Sanje, aliyejulikana kwa sayansi mwaka 1979 tu. Mtoto wa tumbili anayefungwa kamba mlangoni hubadilishana na watoto wa nyumba hiyo amiba, minyoo na upele, kwenda na kurudi. Mwaka 1996 sokwe wa milimani wa Bwindi, Uganda, walipatwa na upele uliodhaniwa kutoka kwa binadamu. Mtoto mmoja alikufa, na wengine wakapona baada ya Dk. Gladys Kalema-Zikusoka na wenzake kuwapa ivermectini. Hao walikuwa huru msituni. Aliye kwenye kamba ana nafasi ndogo zaidi ya kuukwepa ugonjwa wetu.

Sheria ya Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 hairuhusu kumfuga mnyama wa porini bila kibali, kwa hiyo ukimwokota yatima, mpeleke ofisi ya wanyamapori ya wilaya au kituo cha askari wa uhifadhi kilicho karibu, na unawe mikono kwa sabuni. Na wewe uliye na kibali, mwenye swala kumi au twiga wawili na duka la dawa umbali wa bodaboda: wiki hii, kabla hujanunua chupa nyingine, kusanya kinyesi cha asubuhi, andika jina la kila mnyama, weka kwenye baridi, na ukipeleke SUA Morogoro au kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari kilicho karibu nawe. Rudi na namba, siyo na jina la dawa.